Nta ya Ipole, Sehemu ya 11: Kidole Gumba cha Apolinaria

Tulimwacha Levina amechuchumaa uani kwa Mzee Raymundi, kule Ipole, mkononi kashika utambi wa pamba ulioungua ncha. Utambi huo aliukuta katikati ya mabaki ya nta. Na mzee, bila kupepesa jicho, alimwambia:

"Nta ile, mwanangu, haikutoka mzingani peke yake."



"Baba, unasemaje?"

"Nimesema ulivyosikia."

"Lakini mimi nimeandika kwenye daftari la maabara, kwa mkono wangu, na sahihi nikatia: nta safi ya nyuki, Ipole. Safi, baba!"

"Uliniuliza?"

Levina alifuta masizi ya utambi vidoleni.

"Ulikuja hapa ukanipa shikamoo, ukapiga goti, ukala asali yangu, ukabeba nta ukaenda zako. Hukuniuliza kama ni safi."

Kweli hakumwuliza. Nani amwulize mzee wa kanisa, mrina asali wa miaka hamsini, kama nta yake ni safi? Si sawa na kumwuliza padri kama amebatizwa? Heshima ilimfunga Levina mdomo, na leo heshima hiyohiyo ilikuwa inamtafuta roho.

Wewe msomaji uliyeingia leo, shika haya machache twende. Maabara moja mjini Tabora inapambana na dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga kabla mwenyewe hajalifungua. Mafuta ya kivumbasi humfukuza, ila baada ya siku chache yameruka hewani, yamekwisha. Ndipo wataalamu wakaamua kuyafungia ndani ya punje za nta. Punje zenyewe ni ndogo mno: mia tano zikisimama bega kwa bega ndipo zinafikia unene wa unywele mmoja. Nta inayalinda mafuta na kuyaachia kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi.

Mkupuo wa saba wa dawa hiyo, alioutengeneza Levina peke yake, ulilinda mahindi miezi sita bila tundu hata moja. Mikupuo mitano iliyofuata yote ilivuja. Sasa kesho, Ijumaa saa nne asubuhi, kamati ya uhakiki inafika kutoka Dodoma. Levina arudie mkupuo wa saba mbele ya macho yao, la sivyo itaandikwa kwamba alighushi. Yeye, aliyefagia maabara ile miaka tisa huku akisoma masomo ya jioni, atarudi kwenye ufagio, na huenda hata huo ufagio asipewe.

Hayo ndiyo yaliyomleta Ipole.

"Uliweka nini, baba?" aliuliza.

Mzee Raymundi alishika magoti yake. Aliinuka, akaelekea nyumbani kwake. Alipofika mlangoni alisimama, akabisha:

"Hodi!"

Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ya chini: "Karibu."

Ndani hamkuwa na mtu. Apolinaria, mke wake, alizikwa miaka minne iliyopita.

Levina hakucheka. Yeye kule Isevya, mjini Tabora, kwenye chumba chake kimoja, kila jioni huomba kwa sauti, na mwisho wa sala huitikia amina mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kuitikia.

Mzee alitoka na kopo la maziwa ya unga. Alilifungua taratibu. Mlikuwa na kipande kimoja cha mshumaa, urefu wa kidole, rangi ya njano iliyokolea.

"Mkesha wa Pasaka," alisema, "kila mtu kanisani kwetu anashika mshumaa wake. Kinachobaki unarudi nacho nyumbani. Radi ikipiga, unakiwasha. Mgonjwa akizidiwa, unakiwasha. Nyie Wamoraviani sijui mnafanyaje."

"Sisi alfajiri ya Pasaka tuko makaburini, na matarumbeta."

"Basi nyie mnawaamsha wafu kwa kelele, sisi tunawaangazia njia." Mzee alicheka kidogo. Kicheko hakikufika mbali. "Apolinaria hakununua mshumaa dukani hata siku moja. Alitengeneza wake mwenyewe. Nta ya mizinga yangu, na mafuta ya nyonyo ndani yake, ili usipasuke kwenye baridi ya Juni."

Levina aliinua kichwa kama swala aliyesikia kijiti kikivunjika.

"Mafuta ya nyonyo? Kiasi gani?"

"Kwa jicho."

"Jicho gani, baba?"

"Jicho lake. Mimi mwenyewe sijui. Kaniachia vipande thelathini. Nilipokuyeyushia nta yako ya kwanza, nilivitia vyote ndani ya sufuria, nikabakiza hiki."

"Kwa nini, baba yangu?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anakunywa maji.

"Si uliniambia nta inakwenda kulinda chakula cha watu? Nikasema kazi hiyo ibarikiwe. Nilikosea?"

Nta ile ya kwanza ndiyo Levina aliyotengenezea mkupuo wa saba. Kichwani mwake mambo yalikuwa yanajipanga upesi upesi. Nta safi ikipoa hujipanga kama matofali ya fundi hodari, tofali juu ya tofali, bila mwanya. Kivumbasi hakipati pa kukaa, kinasukumwa nje. Lakini nta iliyochanganywa na mafuta laini hupoa kombokombo, na kwenye mianya yake ndimo kivumbasi kinamojificha. Mikupuo mitano alisali nta iwe safi zaidi. Aliichuja mara tatu. Kumbe alikuwa anamfungia mlango mgeni aliyetaka kumkaribisha!

"Baba, nakuomba kipande hicho."

"Hapana."

"Kipo kimoja tu duniani chenye kipimo cha mama. Kesho saa nne..."

"Nimesema hapana!" Mzee alilifunika kopo kwa kiganja. "Huu ni wa mkononi mwangu siku ya kufa. Wa Apolinaria nilimshikisha mimi, na akaenda huku anauona. Wangu sijui atanishikisha nani. Lakini mshumaa uko. Umeelewa? Mtu atakosekana, mshumaa uko."

Levina alielewa. Ndiyo maana hakuongeza neno. Aliaga, akashika njia ya barabarani peke yake.

Basi la kwenda Tabora lilikuwa limeshawasha injini aliposikia kengele ya baiskeli. Mzee Raymundi alikuwa anakuja, kanyaga baada ya kanyaga, kofia imemwendea kisogoni, jasho linamtiririka.

"Subiri!" alimfokea kondakta kwanza, kisha akamgeukia Levina. "Wewe nawe, unakata tamaa upesi hivyo? Kwenu hawajui kuomba mara ya pili?"

"Baba, umesema hapana."

"Nilisema hapana kwa mtu aliyesimama. Ulipoondoka, nikaona umekwenda peke yako, kama ninavyokwenda mimi kila siku." Alimtia kitambaa mkononi. Ndani yake mlikuwa na mshumaa. "Sikiliza. Nimeuchora ukucha katikati. Nusu ya juu ni yako, kata uyeyushe. Nusu ya chini ni yangu, unirudishie. Tazama hapa chini."

Levina alitazama. Chini kabisa, kwenye nta, kulikuwa na kibonyeo. Mistari yake midogo ilionekana wazi.

"Kidole gumba chake," mzee alisema. "Alikuwa akiubonyeza ungali moto, ukae vizuri mkononi. Hiyo usiiguse."

"Sitaigusa, baba. Naahidi mbele za Mungu."

"Na neno la pili. Chama chetu cha warina asali humfukuza anayechanganya nta. Hakuna msamaha, hata ungekuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Jina langu usilitaje."

"Sitalitaja."

"Wabeja, asante mwanangu. Nenda."

Ahadi mbili, msomaji. Zihesabu vizuri, maana kabla hatujaachana leo moja itakuwa imevunjika.

Basi halikufika Tabora siku hiyo. Liliharibikia Sikonge, na kondakta akawaambia abiria maneno ambayo makondakta wote husema: "Dogo tu, fundi yuko njiani." Jua lilipoinama Levina akachukua chumba nyumba ya wageni. Alikula chipsi mayai kwenye meza ya watu wanne, viti vitatu vikimtazama.

Njia ile aliyokuwa juu yake ni ya zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe na nta mabegani, mamia kwa mamia, wakiimbishana ili mzigo upungue. Levina alikuwa na mzigo wa gramu chache ndani ya kitambaa, na hakuwa na wa kumwimbisha.

Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Bwana," alisema, "nipe la kusema kesho. Kama ni kusema kweli, nitamponza mzee. Kama ni kunyamaza, nitakuwa mwongo. Nionyeshe palipo katikati."

Alisubiri. Nje jenereta lilinguruma. Akaitikia amina mwenyewe.

Mungu hana haraka kama hadithi ya gazeti. Jibu halikuja usiku ule.

Ijumaa saa tatu na nusu Levina aliingia maabara, vumbi la njiani likiwa bado kwenye viatu. Dokta Emilian, mkuu wa maabara, alimvuta kando hata salamu hazijaisha.

"Umepata?"

Levina alimweleza yote, isipokuwa jina. Dokta Emilian alikunja mikono, akafikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Safi sana. Tia hicho kipande ndani ya sufuria sasa hivi, kabla hawajaingia. Wao wataona nta, basi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Levina, hii ni sayansi, siyo Shule ya Jumapili."

"Dokta, kama siyo kweli, siyo sayansi pia."

"Haya, sema!" alimnong'oneza kwa hasira. "Sema ufukuzwe. Halafu urudi Igalula ukamweleze mama yako jinsi ulivyokuwa mkweli!"

Neno hilo lilimchoma. Igalula ndiko dumuzi walikomaliza ghala la mama yake, mwaka ule alioacha shule akiwa darasa la sita. Alifungua mdomo ajibu, mlango ukafunguliwa.

Kamati iliingia. Watu watatu, na mbele yao mwanamke mrefu aliyevaa mtandio wa kijivu na miwani: Dokta Najiat, mwenyekiti. Aliweka mezani ripoti ya mkupuo wa saba, akaibonyeza kwa kidole.

"Wewe ndiye Levina?"

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba. Nitakuuliza swali moja kabla hujagusa chombo. Umeandika hapa nta safi. Ilikuwa safi?"

Dokta Emilian alikohoa. Levina aliona kidole gumba cha Apolinaria ndani ya kitambaa, ingawa kitambaa kilikuwa mfukoni.

Na pale pale, si usiku wala magotini bali amesimama na viatu vya vumbi, jibu likamjia.

"Haikuwa safi. Ilichanganywa na nta ya mishumaa yenye mafuta ya nyonyo. Mimi nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Niliandika nisilolijua. Kosa ni langu."

Dokta Najiat alipiga mstari juu ya neno safi kwenye ripoti.

"Nani aliichanganya?"

"Hilo sitasema."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mama. Kosa lililoandikwa ni la mkono wangu. Mkono mwingine haukuandika kitu."

Dokta Najiat alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ripoti yenye neno la uongo mimi siipitishi. Onyesha leo. Ikifaulu, dawa itabaki na ripoti itaandikwa upya. Kama wewe utabaki, hilo nitaliamua baadaye. Isipofaulu, vyote viwili vinakwenda. Na nataka chupa mbili, moja naondoka nayo."

Chupa mbili! Levina alikuwa amepanga moja.

Hakukuwa na muda wa kulia. Alikata mshumaa pale penye alama ya ukucha. Nusu ya juu aliitia kwenye nta, akayeyusha, akamimina kivumbasi, akawasha mashine. Ule mlio wake mwembamba uliwafanya wageni wazibe masikio. Kimiminika kikageuka cheupe kama maziwa. Alikipooza, akakitia kwenye mashine ya kuzungusha, dakika kumi. Kama punje zimeshika, hakuna kitakachoelea. Kama zinavuja, mafuta yatapanda juu.

Alipotoa kichupa, wote waliiona: pete ya njano, nyembamba, inaelea juu. Na harufu ya kivumbasi ikajaa chumba.

"Inavuja," alisema Dokta Najiat.

"Imepungua kuliko ile mitano," Dokta Emilian aliingilia haraka. "Mchanganyiko hautoshi kwa chupa mbili, ndiyo maana! Levina, ongeza. Si umebakiza kipande?"

"Hicho si changu."

"Ni cha nani?"

Levina alikisukuma kitambaa ndani zaidi ya mfuko. Alichukua simu, akapiga Ipole. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Iliita, iliita, kimya.

"Labda yuko mizingani," alijiambia.

"Dakika ishirini," alisema Dokta Najiat, akitazama saa. "Ripoti zinafungwa leo."

Alipiga mara ya tatu. Hakuna.

Levina alifungua kitambaa. Kidole cha Apolinaria kilikuwa pale, mistari yake midogo imekaa kama mifereji ya shamba la viazi. Alikumbuka ghala la mama yake. Alikumbuka mzee juu ya baiskeli. Angemwelewa. Hivi kweli angemwelewa? Mbona hapokei!

"Baba, nisamehe," alisema kwa sauti, na wageni wakatazamana.

Aliyarudisha yale maziwa motoni, akakiachia kipande ndani ya sufuria.

Kibonyeo kilishika umbo lake kwa muda, kama mtu anayesitasita mlangoni. Kisha mistari ikalegea, ikasawazika, ikawa nta tu.

Mashine ikalia tena. Maziwa, barafu, mzunguko, dakika kumi. Levina alitoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Hakuna pete.

Dokta Najiat alikichukua, akakizibua, akakiweka puani. Akanusa mara mbili.

"Hainuki kitu."

"Dawa nzuri hainuki," alisema Dokta Emilian. "Yote iko ndani!"

Walipima ukubwa wa punje. Ulilingana na wa mkupuo wa saba. Dokta Emilian alipiga makofi, akasahau kabisa maneno yake ya asubuhi. Mwenyekiti alifungua kalamu, akamgeukia Levina.

"Miaka kumi na minane nafanya kazi hii," alisema. "Wengi wananieleza kosa baada ya kulikamata. Wewe umeniletea la kwako mkononi. Utabaki, Levina. Andika upya, kwa jina lako."

Kwa jina lake! Jambo aliloliombea miaka kumi na moja. Alitafuta pembeni mtu wa kumshika mkono amwambie. Wote walikuwa wameinamia karatasi.

Ndipo simu ikaita. Kwenye kioo: Mzee Raymundi.

Levina aliidaka kwa mikono miwili.

"Baba! Shikamoo baba! Imefaulu, baba, imeshika!"

Sauti iliyojibu haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya mwanamke anayehema.

"Dada, mimi Consolatha, jirani yake. Nimeona umepiga mara tatu. Mzee tumemkuta asubuhi kaanguka mlangoni kwake. Mganga wa zahanati kashafika, anatikisa kichwa tu."

"Anaongea?"

"Kidogo tu. Mshumaa, mshumaa. Anasema unao wewe, chini una kidole cha mama. Tumewasha wa dukani, kausukuma. Mkono kaufungua hivi, kaulaza kitandani, anausubiri."

Levina alitazama meza. Chupa mbili nyeupe, bado zina baridi ya barafu.

"Uko njiani nao, dada?" Consolatha aliuliza. "Nimeweka simu sikioni mwake. Anakusikia. Mwambie mwenyewe."